Maswali ya Wasomaji: Mrushaji kijana wa besiboli hupimwa kwa kitu gani?

Barua tatu za mwezi huu zinahusu besiboli, mchezo ambao baadhi ya wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wameanza kuufuatilia kwa karibu tangu vijana wa Uganda walipoingia katika mfumo wa klabu za Marekani: Ben Serunkuma na Umar Male waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, kisha David Matoma aliyechukuliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2023. Wote watatu ni warushaji, yaani wale wanaosimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo, kwa hiyo si ajabu kwamba barua zote zinauliza habari za mkono wa mrushaji. Nimezifupisha kidogo.

*

Mheshimiwa, mimi ni Mkenya ninayeishi Bradenton, Florida, na jioni nyingi za majira ya joto huwapeleka wanangu kuitazama timu ya Marauders, iliyo chini ya klabu ya Pirates. Kuna jambo linalotutatiza. Mrushaji wa miaka 19 anaruhusu mikimbio mingi, yaani pointi za wapinzani, mipira yake inakwenda ovyo, na bado klabu inamsifu na kumpa zamu kila wiki. Mwenzake wa miaka 24, mwenye takwimu nzuri kuliko wote, hatajwi popote. Hao maskauti, watafuta vipaji wa klabu, wanaokaa nyuma ya mdakaji anayeudaka mpira wa mrushaji, na rada zao za mkononi za kupimia kasi, wanaona nini ambacho sisi hatukioni?
Msomaji, Bradenton

Ndugu msomaji, wanamtazama mchezaji ambaye kijana huyo anaweza kuwa miaka minne ijayo, na matokeo ya jioni uliyolipia kiti ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Tangu mpangilio wa mwaka 2021, klabu 30 za ligi kuu zina timu 120 za ligi ndogo zinazocheza msimu mzima, kila klabu timu nne, katika ngazi za Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kuanzia ya chini hadi ya juu. Chini yake kuna ligi za kambi za mazoezi huko Florida na Arizona, pamoja na ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika. Marauders wako Single-A, na wapigaji wanaokutana nao ni vijana wanaojifunza kazi. Mtu wa miaka 24 anayewashinda hao anafanya alichotarajiwa kufanya, kwa kuwa anajua hila ambazo wenzake hawajafundishwa. Akipelekwa Double-A, ambako wapigaji hawaufukuzii tena mpira wa kupinda uliotoka nje, ndipo itakapojulikana kama ana kitu. Ndiyo maana umri ukilinganishwa na ngazi ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo skauti huyaandika pembeni ya jina.

Baada ya umri huja alama. Maskauti wa besiboli hutumia kipimo cha 20 hadi 80, ambacho kwa kawaida huhusishwa na Branch Rickey, kiongozi wa klabu aliyemleta Jackie Robinson katika ligi kuu mwaka 1947. Alama 50 ni wastani wa ligi kuu, wala si wastani wa ligi anayochezea kijana, na hilo huwachanganya wengi. 60 ni juu ya wastani kwa wazi, 70 ni adimu, na 80 hupewa wachache mno. Kila silaha ya mrushaji hupewa alama mbili, ya leo na ya kesho. Kijana wako anaweza kuandikiwa 60 leo na 70 kesho kwa mpira wake wa kasi, 40 na 55 kwa mpira wa kupinda, na 30 na 45 kwa uwezo wa kuuelekeza mpira anakotaka, ilhali mwenzake mkubwa akaandikiwa 45 na 45 katika kila safu. Wa pili ni bora leo, lakini klabu hailipi mishahara ya maskauti ili ijue nani ni bora leo katika Single-A.

Kasi ndiyo inayoonekana upesi, kwa sababu rada haina ubishi. Katika miaka ya karibuni mpira wa kasi wa ligi kuu umekuwa na wastani wa takriban kilomita 151 kwa saa, na rekodi maarufu ni ya Aroldis Chapman, aliyefikisha takriban kilomita 170 mwaka 2010. Kutoka kilimani hadi bamba la mpigaji ni mita 18.44, na mpira wa mwendo huo hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, muda ambao mpigaji lazima ndani yake atambue, aamue na azungushe gongo. Mwenye kasi kubwa husamehewa makosa, kwa kuwa hata mpira alioukosea mahali unaweza kumpita mpigaji. Kwa maoni yangu klabu zimeipenda kasi kupita kiasi, na nitalirudia jambo hilo katika barua inayofuata, lakini siwezi kukuambia kwamba zimeipenda bila sababu.

Siku hizi rada ina wenzake. Kamera zilizofungwa viwanjani hupima mizunguko ya mpira kwa dakika, jinsi unavyopinda, na umbali ambao mrushaji amejinyoosha mbele kabla ya kuuachia, kwa maana mrefu anayeuachia mita mbili mbele ya kilima amempunguzia mpigaji muda bila kuongeza kasi yoyote. Mpira wa kasi wenye mzunguko mkali wa kurudi nyuma huchelewa kuanguka, na mpigaji hupunga gongo chini yake. Kwa sababu hiyo vijana wawili wenye kasi ile ile kwenye rada wanaweza kuwa na thamani tofauti kabisa, na ninyi mlioketi upande wa benchi msione tofauti hiyo, kwa kuwa huonekana vizuri kutoka nyuma ya mdakaji tu. Siku kiti cha huko kikipatikana, kichukueni.

Kisha skauti huhesabu idadi ya silaha. Mrushaji anayeanza mchezo hukutana na kila mpigaji mara mbili au tatu, na kila wanapokutana tena mpigaji huwa amejifunza; kijana mwenye mpira wa kasi na mpira mmoja wa kupinda, hata viwe vikali namna gani, mara nyingi huishia kuwa mrushaji wa akiba anayeingia kwa muda mfupi. Silaha ya tatu ambayo maskauti huitafuta ni ule mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono uleule, mkao uleule na nguvu ileile kama wa kasi, lakini ukafika umechelewa, mpigaji akawa amekwisha kumaliza kupunga. Huo hujifunzwa kwa taabu, na kijana anayejifunza hupigwa sana. Inawezekana kabisa kwamba mikimbio mnayoihesabu jukwaani inatokana na agizo la kocha kwamba jioni hiyo arushe mipira 15 ya namna hiyo hata kama inapigwa yote, na kocha akarudi nyumbani ameridhika.

Linabaki suala la mipira kwenda ovyo. Mpira usiopita katika eneo la straiki, yaani juu ya bamba kati ya magoti na kifua cha mpigaji, huhesabiwa dhidi ya mrushaji kama mpigaji hakuupunga, na ikifika minne mpigaji hupewa njia ya bure kwenda kituo cha kwanza. Hapa maskauti hutofautisha mambo mawili: kuupitisha mpira ndani ya eneo, na kuupeleka kwenye pembe hasa ya eneo hilo ulikokusudia. La kwanza hufundishika kwa wengi, la pili kwa wachache. Skauti huangalia kama mguu wa mbele unatua mahali pamoja kila mara, kama kichwa kinatulia, kama mkono unatoka pembe ileile kwa mipira yote. Mrushaji anayerudia mwendo wake lakini akakosa kidogo ana matumaini, na anayekosa kwa sababu kila mwendo ni mpya ana safari ndefu. Randy Johnson, mwenye urefu wa sentimita 208, alitoa njia za bure 152 katika msimu wa 1991 na aliongoza ligi yake kwa kosa hilo miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1992 Nolan Ryan na kocha Tom House, ambao walikuwa wa klabu pinzani, walimwonyesha kwamba alikuwa akitua kwa kisigino badala ya sehemu ya mbele ya wayo. Msimu uliofuata alishuka hadi 99, akawatoa wapigaji 308 kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu waliyoipunga wakaikosa au waliyoiacha ikapita ndani ya eneo, na hatimaye akashinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mara tano. Alikuwa anakaribia miaka 30. Wenye miili mirefu huchelewa kujitawala, na klabu zinazolijua hilo huwasubiri.

Nisikufiche kwamba macho ya maskauti yana upendeleo wake. Kijana mrefu, mwembamba, mwenye mabega mapana huandikiwa alama kubwa za kesho kwa kudhaniwa kwamba ataongezeka uzito na kasi pamoja, na mfupi hutiliwa shaka. Mwishoni mwa 1993 Dodgers walimtoa Pedro Martínez, mwenye takriban sentimita 180, kwa kubadilishana na mchezaji mwingine, huku wakihofia kwamba mwili wake mdogo usingehimili kazi ya kuanza michezo; akashinda Cy Young mara tatu akiwa kwingine.

Kama mnataka kuhesabu wenyewe, acheni idadi ya ushindi na msitegemee sana wastani wa mikimbio. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken alionyesha kwamba mrushaji ana mamlaka madogo kuliko ilivyodhaniwa juu ya mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani, kwani hapo hutegemea wenzake walio uwanjani na bahati. Hesabuni asilimia ya wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu, mtoe asilimia ya wale anaowapa njia ya bure. Zingatieni pia mahali: viwanja vya Florida vina hewa nzito na nafasi kubwa, navyo humfichia mrushaji aibu, lakini Albuquerque, mji ulio juu ya mita 1,500, humfanya hata mrushaji mzuri wa Triple-A aonekane wa kawaida. Vipimo vya kamera vya ligi yenu ya Florida na vya Triple-A viko wazi kwa umma kwenye mtandao wa ligi kuu, na wanao wakivizoea, baada ya msimu mmoja hamtahitaji kuniuliza mimi.

*

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari Dar es Salaam, na nina mwanafunzi wa miaka 15 anayerusha mpira kwa nguvu kuwashinda hata wakubwa. Hatuna rada. Wenzangu wanataka arushe kila siku na kila mchezo ili akomae, tena aanze kufundishwa mipira ya kupinda mapema, maskauti wakija wamkute tayari. Nifanye nini?
Mwalimu wa michezo, Dar es Salaam

Marahaba, mwalimu. La kwanza, mzuie asirushe kila siku, hata kama mashindano yanakaribia na hata kama mwalimu mkuu ananung'unika. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu kwa kushirikiana na chama cha USA Baseball mwaka 2014, unasema kijana wa miaka 15 au 16 asizidishe mipira 95 kwa siku, na akirusha 76 au zaidi apumzike siku nne kamili. Akirusha kati ya 31 na 45, siku moja. Kati ya 46 na 60, siku mbili. Kati ya 61 na 75, siku tatu. Mwongozo huo unataka pia mkono upumzishwe kabisa kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Mteue mwanafunzi mmoja awe na daftari la kuhesabu, maana kocha anayeongoza mchezo hawezi kuhesabu kwa uaminifu. Wala asiwe mdakaji siku anazopumzika, kwa kuwa mdakaji naye hurudisha mpira kila mara.

Sababu iko ndani ya kiwiko. Kuna kano inayoshikilia mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa chini upande wa ndani, na kila mrusho wa nguvu huivuta karibu na mwisho wa uwezo wake. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe wa Los Angeles alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kuijenga upya kwa kutumia ukano kutoka mkono mwingine, na John akarudi mwaka 1976 na kushinda michezo 164 zaidi. Tangu hapo upasuaji huo huitwa kwa jina lake. Lakini marejeo huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, si kila mtu hurudi alivyokuwa, na kwa kijana asiye na klabu ya kumlipia gharama, kano ikikatika mambo huwa yameishia hapo. Ripoti ya ligi kuu yenyewe ya Desemba 2024 ilihusisha ongezeko la majeraha ya warushaji na mbio za kutafuta kasi na mipira yenye kupinda zaidi, tena ikasema mbio hizo zimeshuka hadi kwa watoto. Ndiyo sababu nilisema hapo juu kwamba kasi imependwa kupita kiasi: anayeilipia gharama ni mtoto, muda mrefu kabla klabu haijamlipa senti.

Kuhusu mipira ya kupinda, mfundishe kwanza ule wa polepole wa hila, unaotumia mwendo uleule wa mkono, na umwachie muda wa kuurudia mwendo wake bila kuutafakari. Mengine atafundishwa na watu wenye kamera. Klabu inayomchukua kijana wa Afrika Mashariki haitarajii kumkuta amekamilika. Inachokipenda mara nyingi ni mkono ambao haujachakazwa. Jacob deGrom alikuwa akicheza nafasi ya ndani ya uwanja chuoni Stetson na alirusha kidogo tu kabla ya New York Mets kumchagua katika raundi ya tisa mwaka 2010; akafanyiwa upasuaji huohuo wa kiwiko mwaka uleule, akafika ligi kuu mwaka 2014 akikaribia miaka 26, na baadaye akashinda Cy Young mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Kuchelewa kuanza hakukumdhuru.

Kwa kukosa rada, tumia simu. Simu nyingi za sasa hurekodi picha 240 kwa sekunde. Simama pembeni, umrekodi akirusha kwa umbali kamili, kisha uhesabu picha tangu mpira unapoacha vidole hadi unapogonga glavu iliyowekwa juu ya bamba. Mpira huachiwa mbele ya kilima, hivyo husafiri takriban mita 16.6, zikiwa picha 120, yaani nusu sekunde, wastani wake ni kama kilomita 120 kwa saa, na kwa kuwa hewa hupunguza mwendo njiani, mwendo wa kuanzia ni mkubwa zaidi kidogo. Rekodi pia kutoka nyuma na kutoka ubavuni kila baada ya miezi mitatu, uandike tarehe, kimo na uzito. Skauti akipewa mfululizo huo wa mwaka mzima atajua jinsi kijana anavyokua, na hilo litamfaa kuliko video moja ya siku aliyorusha vizuri kupita zote.

*

Mheshimiwa, mwanangu ana miaka 17, ni mrushaji, na kuna mtu anayesema klabu ya Marekani inamtaka. Akisaini atalipwa nini, na tutasubiri miaka mingapi kujua kama atafika?
Mzazi, Lugazi

Mzazi mwenzangu, kwanza fahamu kwamba mchezaji wa kwenu hapiti katika drafti, ule uteuzi wa kila mwaka unaowahusu walio Marekani, Kanada na Puerto Rico. Yeye ni huru kusaini na klabu yoyote tangu akiwa na miaka 16, na dirisha la usajili hufunguliwa tarehe 15 Januari. Klabu ndiyo inayomlipa mchezaji fedha za kusaini. Mtu anayekuomba wewe ada ili jina la mwanao lifike kwa klabu, mwulize anafanya kazi kwa nani, na umtake mwenye klabu akuandikie mwenyewe.

Mishahara ya ligi ndogo ilipanda mwaka 2023, wachezaji walipopata mkataba wao wa kwanza wa pamoja: kima cha chini kilianza kwa dola 19,800 kwa mwaka katika kambi za mazoezi, 26,200 katika Single-A, hadi 35,800 katika Triple-A. Mkataba huo hauwahusu wanaocheza Jamhuri ya Dominika, ambako wachezaji wengi wa nje huanzia, kwa hiyo uliza kwa maandishi atapelekwa wapi mwaka wa kwanza. Klabu humshikilia kwa misimu sita au saba kulingana na umri aliosaini, nayo inaweza kumwacha wakati wowote kabla ya hapo.

Kuhusu kusubiri, Paul Skenes aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na Pirates mwaka 2023 alifika ligi kuu Mei 2024, lakini alikuwa ametoka chuo kikuu akiwa amekomaa. Mark Appel naye alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2013, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi mwaka 2021, na akaingia ligi kuu mwaka 2022 akiwa na miaka 30. Kwa mwanao, ambaye hana chuo nyuma yake, hesabu miaka mitano au sita kama mambo yakienda vizuri, na usishtuke msimu wa kwanza ukiwa mbaya. Dalili ya kuangalia baada ya misimu mitatu ni kama amevuka Single-A na kama njia za bure anazotoa zinapungua. Kabla ya kutia sahihi, omba nakala ya picha za kiwiko na bega watakazompiga hospitalini, kwa kuwa klabu ikibatilisha ahadi kwa sababu ya afya utahitaji daktari wako azisome picha hizo, na uombe kifungu cha kumlipia masomo kiwekwe ndani ya mkataba wenyewe.